Malalamiko Juu ya Sola Iliyokataa Kuharibika

Kayenze, Ilemela, Mwanza.

Kwako Ndugu Mkuu wa Maabara ya Sola, bosi wa Justa,

Kama umri wako uko chini ya wangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Kama umenizidi, shikamoo, ingawa sidhani, maana walionizidi hapa Kayenze wamebaki wawili na mmoja wao ni jabali.

Mimi ni babu yake Justa, yule mtafiti wako. Kwa mila zetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo unamfanyisha kazi mke wa mtu bila kuniaga. Hilo nimekusamehe. Nalalamika juu ya kile kioo cha sola mlichokiweka juu ya kichanja changu cha dagaa, ili mjue kama kitastahimili hali ya ziwani. Kimekataa kuharibika. Naomba mkiondoe mniletee kibovu. Sababu ni hizi.

1. Vioo vya kwanza vilikuwa na adabu. Ile perovskaiti yenu, hiyo rangi ya kugeuza jua kuwa umeme mliyoipaka, ilikula jua ajabu, ila ikinusa unyevu tu inageuka njano. Cha kwanza wiki tatu, kimekufa, Justa akaja. Cha pili wiki tano, kimekufa, Justa akaja, tukala sato. Mwaka ule vilikufa vinne na mara nne nilimpokea stendi ya Buzuruga. Hayo ndiyo maendeleo.

2. Ndipo mkaleta hiki. Justa alinieleza nikaelewa upesi, maana kichwa changu shule haikupata nafasi ya kukiharibu. Perovskaiti nene inakula jua sana lakini haina roho ngumu. Sasa mmeivalisha koti la nyingine, ya matabaka membamba kama chapati ya kusukuma: tabaka, mafuta, tabaka, mafuta. Maji yakija yanakutana na mafuta yanageuza. Akapanda basi, akaniambia dirishani, "Babu, kikiharibika tu, nakuja." Huu ni mwezi wa kumi na tisa.

3. Namba za umeme wa kioo zinajituma zenyewe maabara kwa simu. Kwa hiyo kioo kinaongea na Justa kila siku, mimi naongea naye Jumapili, na hapo katikati anakata anasema mashine inamwita. Kioo hicho hakijawahi kumbeba mgongoni hata siku moja.

4. Nimekikemea mbele za watu. Nimekisimulia jinsi sangara mmoja alivyonivuta na mtumbwi kutoka hapa mpaka Ukerewe na kunirudisha, kasia sikugusa. Watu wazima wamehama kijiji kwa hadithi hiyo. Chenyewe kinawaka tu.

5. Jirani yangu Mashimba, ambaye mbuzi wake wamemzidi akili, anapita kila asubuhi kukijulia hali. Anasema mke wangu kaniachia kioo nijitazame nilivyozeeka.

6. Hebu fikiria mkifaulu. Vioo visivyokufa vitajaa nchi nzima, watafiti wote hawatakuwa na sababu ya kurudi kwao, na ziwa lote litazungukwa na mababu waliokaa na vioo vizima. Serikali italazimika kutukodishia wajukuu.

7. Macho yangu yameanza kupunguza kazi. Mashimba bado namwona, kwa bahati mbaya, lakini picha ya Justa kwenye simu siioni tena, naona mwanga tu. Nataka kumwona angali anaonekana.

Kwa hiyo naomba chapati yenye mafuta kidogo, ya miezi mitatu. Kama ni ngumu, basi hata kinachokufa Krismasi.

Nisalimie wote hapo maabara, mlinzi wa geti, mama wa chai, na hizo mashine zinazoita wake za watu. Mke wangu wa kanisani, Evelina, anawasalimu, na Mashimba pia, ingawa sikumwomba.

Ni mimi mume halali wa mtafiti wako,
Mzee Mihayo.

N.B. Evelina amekataa kuipeleka barua posta mpaka niongeze hili. Mvua ikianza kudondoka, huwa nakichomoa waya, nakishusha, nakifunga kanga na kukilaza kitandani mpaka ikatike. Ile ya mawe nilikilalia mimi mwenyewe. Najua Justa alisema kikae nje kipigwe. Lakini mtu akuachie kazi ya mikono yake, uikalishe kwenye mvua huku Mashimba anachungulia? Miezi kumi na tisa hakijaguswa na tone. Kama chapati yenu inazuia maji, hakuna anayejua, si mimi wala nyinyi. Nadhani itabidi muanze upya, na safari hii aje mwenyewe kunisimamia. Mwambie abebe nguo za kutosha, masika ya huku ni marefu.