Ombi la Kusitisha Mafunzo ya Wafanyakazi wa Madrasa

Kwa Mheshimiwa Mudiri wa Madrasa,

Assalaam alaykum. Baada ya kukutakia afya na subira, mimi, mlezi wa bweni la kwanza, nalalamikia mafunzo ya kazi uliyowapeleka wenzangu. Umeniagiza nami niende, la sivyo nikabidhi bweni. Kabla sijachagua, tafadhali pima haya:

1. Mlezi wa bweni la pili, tunayemwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, amerudi mnyonge. Zamani aliamsha watoto kwa Swala ya Alfajiri kwa kugonga sufuria. Sasa hupita kitanda kwa kitanda, akamgusa kila mtoto begani na kumwita kwa jina lake. Nao huamka. Wote! Hakuna hata mmoja wa kufukuzwa hadi kwenye mabomba ya udhu.

2. Mpishi amefundishwa kuonja chakula kabla ya kukigawa. Alionja mara moja, akashtuka, akabadili mapishi. Ile subira tuliyowafunza watoto kwa maharagwe yaliyoungua sasa wataipata wapi?

3. Mwalimu wa kuhifadhisha Qurani humngoja mtoto aliyekwama. Humwambia, "Pumua, mwanangu, tuanze tena." Mtoto huanza, akafika mwisho bila chozi. Sisi tulihifadhishwa kwa fimbo, na fimbo hiyo hatujaisahau hadi leo. Zilizotutoka ni aya chache tu.

4. Kubwa kuliko yote, watoto wameacha kutoroka. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akiwakimbiza hadi sokoni, amenenepa. Juzi alinitania mbele ya walimu: "Mzee Bakora, siku hizi wanaoruka ukuta ni wa kwako tu! Unawalisha nini?" Walimu wazima wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hayo ndiyo matunda ya mafunzo: utovu wa adabu.

Kwa hiyo naomba mafunzo yafutwe, na waliofuzu wapewe likizo ya kusahau. Samaki hukunjwa angali mbichi, Mudiri. Mimi nimekwisha kukauka.

Nisalimie walimu, mpishi, na watu wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Mlinzi naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako mtiifu,
Mlezi wa Bweni la Kwanza

Tanbihi: Mjukuu wangu, mtoto wa kitinda mimba wangu, anajiunga nasi muhula ujao. Ni mpole, hajawahi kulala mbali na mama yake. Nakuomba umpange kwa Kipaza. Mama yake anashikilia alale kwangu, kwa kuwa mimi ni babu yake. Tafadhali mwambie bweni langu limejaa.