Sahani Namba Saba

Jumanne, 9 Juni

Tumefika salama. Nyumba ya wageni safi, kitanda hakipigi kelele, maji ya moto yanatoka bombani bila kubembelezwa. Mke wangu anaimba bafuni. Ningekuwa na raha kamili, ila chumba cha pili yumo mwanyumba wangu.

Safari ni ya watu wanne: mimi, mke wangu, dada yake mkubwa, na mume wa huyo dada, ndiye mwanyumba, daktari wa meno, mtu asiye na kasoro. Hicho ndicho kinachonichosha kwake. Jumapili tunapita kwa Mama mkwe, anatimiza miaka sabini. Lazima nimpelekee kitu, tena si kitu chochote. Sahani.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Mwaka jana nilivunja sahani yake ya harusi, ile iliyokuwa katikati ya kabati la vioo. Nilikuwa nawaonyesha watu namna ya kuishika isivunjike. Mama mkwe hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alifagia, akanyamaza, na tangu siku ile kwake napakuliwa kwenye sahani ya plastiki. Ya kijani. Wengine wote udongo, mimi plastiki. Mara ya mwisho hata fundi bomba alipewa ya udongo, na alikuja kwa kazi ya nusu saa tu!

Jioni mke wangu kaona tangazo ukutani pale mapokezi. Darasa la kupaka rangi vyombo vya udongo, wasiojua kitu wanakaribishwa, vinywaji vipo. Akili ikafunguka. Nitapaka sahani kwa mkono wangu mwenyewe, itakaa katikati ya kabati, na mimi nitatoka kwenye plastiki. Nikasema twende. Mwanyumba naye akasema twende, hata yeye angependa kumpakia Mama sahani.

Mwizi wa mawazo!

Jumatano, 10 Juni

Karakana iko nyuma ya duka la viatu. Meza moja ndefu, viti visivyofanana, brashi zimesimama kwenye makopo ya jemu. Pembeni friji: divai, bia, juisi. Shemeji, dada wa mke wangu, hakuja, kasema miguu imemvimba kwa safari. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye udongo kwenye kucha na sura ya mtu aliyekwisha kuona kila aina ya ubaya. Kila mmoja kapewa sahani nyeupe, kavu kama chaki, na kipande kidogo cha udongo chenye namba. Namba hiyo inakaa na chombo chako mpaka kitoke kwenye tanuri, na ndiyo inayoandikwa kwenye boksi. Mimi saba. Mwanyumba nne.

Mpango wangu ulikuwa kumnywesha. Mkono wa daktari wa meno hautetemeki wenyewe, basi utetemeshwe. Kila glasi yake iliposhuka kidole kimoja, naijaza. Mwalimu alikuwa akieleza jambo refu kuhusu rangi na moto, na chombo kipakwe mara ngapi. Sikulisikia. Nilikuwa nahangaika na kizibo.

Mpango umefaulu kupita kiasi. Kumbe mwanyumba akichangamka kidogo ni msanii! Mabega yamelegea, anacheka peke yake, jani hapa, jani pale, mpaka ukingo mzima umezungukwa na majani mabichi. Mkono mwepesi, brashi inapita mara moja tu. Watu wameacha vyao kuja kutazama. Mama mmoja kapiga makofi. Mimi ndiye niliyemnunulia, na mimi ndiye niliyemjazia!

Mimi nilikuwa nampaka Kamishna. Kamishna ni kuku wa Mama mkwe, marehemu sasa, kafa mwezi uliopita kwa uzee baada ya miaka mingi ya kunidonoa. Wazo ni la mke wangu. Kasema Mama bado anamwita asubuhi kwa kusahau. Yule kuku namjua vizuri, nimemkimbia mara nyingi. Lakini nilipoomba rangi ya bluu, mwalimu kanipa kopo la kitu kama uji wa jana. Nikamwambia hii si bluu. Akasema ni bluu. Nikapaka. Uji! Kwa hasira nikapaka tena juu yake, na tena, na mara ya nne. Mkono ukateleza, mkia ukapindia kushoto.

Mwanyumba kaniegemea, kauliza kwa upole kama ni birika. Nikanyanyua glasi nimeze uchungu wangu. Haikuwa glasi ya divai. Ilikuwa ile ya kuoshea brashi. Mke wangu kasema sasa nusu ya kuku iko tumboni.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeamka na akili mpya. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwetu kazini mtu hana sura, ana namba. Faili likishapata namba yako ni lako, hata kama ndani kuna habari za shamba la mtu mwingine.

Baada ya chai nikarudi karakana nikadai nimesahau miwani. Mwalimu akasema miwani iko usoni kwangu. Nikasema ni nyingine. Akanitazama sana, kisha simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea. Vyombo vyote vilikuwa kwenye rafu vinasubiri tanuri, kila kimoja na namba yake. Sekunde tatu tu! Saba ikakaa kwenye majani, nne ikakaa kwenye birika. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Lakini mimi si mwizi. Sijachukua kitu, nimehamisha namba.

Nimeshafikiria mpaka mwisho. Maboksi hayatafunguliwa mpaka mbele ya Mama mkwe, nitasema ni heshima yake. Atapokea sahani ya majani kutoka kwangu kwa mikono miwili. Mwanyumba ni mtu wa adabu. Hawezi kumpokonya mtu mzima zawadi siku anatimiza miaka sabini.

Mchana nimetembea na mke wangu mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Tumenunua kofia. Kaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 12 Juni

Tanuri linawaka, hatuna kazi. Tumekula, tumelala mchana, tumekula tena. Maisha yangekuwa hivi siku zote nisingemchukia mtu.

Kwenye chai nikaweka msingi. Nikamwambia Shemeji, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba mimi nilipaka majani na mumewe akapaka kuku. Mwanyumba alikuwa mezani. Nikashika pumzi. Akakuna kichwa, akasema yeye baada ya glasi ya tatu hakumbuki vizuri, alidhani majani ni yake, lakini kama mwanyumba wake nasema hivyo basi itakuwa hivyo. Mke wangu alikuwa ameenda kuongeza chai, hakusikia. Mungu mkubwa! Shemeji hapo hapo akampigia Mama simu, akamweleza yote: kuku kutoka kwa huyu, majani kutoka kwa yule. Imeshaandikwa kwenye rejista.

Alasiri jino langu la nyuma likaniuma. Mwanyumba kaniketisha dirishani kwenye mwanga, kalitazama kwa dakika kumi, kanisafishia kwa uzi, maumivu yakaisha. Hakunicheka hata kidogo. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kweli, nikakaribia kusema. Kisha nikamkumbuka fundi bomba.

Jumamosi, 13 Juni

Tumechukua maboksi. Yamefungwa kwa gundi, ndani magazeti, juu namba. Nikatoa hotuba fupi kuhusu heshima ya Mama, wote wakakubali tusifungue. Mke wangu akasema chake ni kikombe na ni chake mwenyewe, akafungua.

Bluu! Bluu nzito, inang'aa, ya kutaka kuilamba. Na Jumatano nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa uji kama wangu. Nikauliza kama si kikombe cha mtu mwingine. Akanishangaa, akasema si ndicho alichokieleza mwalimu siku ile? Rangi haionyeshi sura yake mpaka ipite motoni. Iliyopakwa mara tatu au nne inatoka imeiva, iliyopakwa mara moja inapauka.

Nikasema hongera. Nikakaa kitandani na kamba ya kufungia maboksi mkononi, nisijue naifunga wapi. Mke wangu akauliza kama jino limerudi. Nikajipa moyo: yale majani yalikuwa mazuri hata kabla ya moto. Moto utayazidishia uzuri. Ndiyo kazi ya moto.

Jumapili, 14 Juni

Niandike polepole, tumbo limejaa.

Nyumba ya Mama mkwe ilifurika. Wajukuu, majirani, mashoga zake wote kwenye makochi. Kabati la vioo mbele yetu, pengo katikati yake kama jino lililong'olewa. Nikajipeleka wa kwanza. Nikampa boksi namba saba, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba haya majani nimeyapaka mimi, kwa mkono wangu, jani moja moja.

Akafungua. Akageuza sahani upande wa pili, labda majani yako huko. Akaigeuza tena. Kulikuwa na madoa ya kijani iliyopauka, kama sahani iliyoliwa mchicha na haikuoshwa vizuri. Shoga yake mmoja akavaa miwani. Mama mkwe akasema asante mwanangu, umejitahidi. Kile kimya kilichofuata nakijua, nilishawahi kukisikia mwaka jana.

Kisha boksi namba nne.

Kamishna! Bluu tupu, mnene, kifua mbele, jicho lile lile la kutafuta ugomvi. Mama mkwe akapitisha kidole kwenye mkia uliopindia kushoto. Kumbe Kamishna alikuwa na mkia uliopinda, mbwa wa jirani alimng'ata alipokuwa kifaranga! Mimi sikuwahi kuuona, siku zote alikuwa nyuma yangu. Mama akasema hata mkia, hata mkia amekumbuka, machozi yakamtoka. Akamkumbatia mwanyumba mbele ya watu wote.

Hapo mwanyumba akafanya jambo la ajabu. Akasema hapana, Mama. Akasema akimwangalia vizuri huyo kuku haoni mkono wake, na yale majani ameyafahamu hata yakiwa yamepauka. Kuku kapaka mwanyumba wake. Mimi! Nikasimama haraka, nikasema ni kweli, kuku ni wangu.

Mama mkwe akatutazama wote wawili. Akamshika mwanyumba shavu, akawaambia mashoga zake wamwone huyu kijana. Anampa mwenzake sifa zake mwenyewe ili asiaibike. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama sioni haya, dakika tano zilizopita si nilisema majani ni yangu, jani moja moja? Mke wangu akaingilia, akaapa alinishuhudia nikimpaka kuku saa mbili nzima, ulimi nje. Mama akamwambia ni mke mwema. Ndivyo mke anavyopaswa kumsitiri mumewe.

Wote wamesema kweli! Watu watatu wamesema kweli, na kila kweli iliyosemwa imempandisha mwanyumba ngazi moja. Kuku kapanda katikati ya kabati. Nilimtazama kupitia kioo naye akanitazama. Niliumia, siwezi kuficha. Ni kitu kizuri pekee nilichowahi kutengeneza kwa mikono hii, na nilikitoa mwenyewe.

Lakini chakula kilipopakuliwa, Mama mkwe akaja na ile sahani ya majani. Akasema hawezi kuiweka kabatini, wala hawezi kumpakulia mgeni, watadhani ni chafu. Itakuwa yangu. Kila nikija nitakula humo. Akanijazia mpaka ukingoni, nyama mbili.

Sahani ya udongo! Nzito. Kijiko kikigonga inalia. Nimeongeza mara tatu ili niisikie.

Jumanne, 16 Juni

Tuko nyumbani. Kazini jana nilikuwa mchangamfu, bosi kaniuliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia kwa namna fulani.

Mke wangu hajauliza namba zilichanganyikaje. Ananitazama tu wakati wa chai, kisha anacheka peke yake ndani ya kikombe chake cha bluu. Namwacha acheke. Ananipendeza akicheka.

Jioni mwanyumba kapiga simu. Sauti nzito. Kasema halali vizuri, yule kuku kabatini anamtesa, amepewa sifa isiyo yake. Amepata habari za darasa la kuoka mikate, Jumamosi ijayo, karibu na zahanati yake. Twende sote. Yeye hataoka kitu, ataosha trei tu, mkate uwe mmoja na uwe wangu, na Mama atauona ukitoka mikononi mwangu.

Sijawahi kuwa na kaka, lakini nadhani kaka yuko hivyo. Nikamwambia nimemsamehe kila kitu. Akauliza darasa linaanza saa ngapi, tangazo kalipoteza, na picha yake alishanitumia mimi, kwenye simu yake kaifuta.

Linaanza saa tatu. Nimemwambia saa tano.