Mzee Mukhisa Hawezi Kuja Kanduyi

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Joy niliyekaa naye dawati moja miaka yote ya sekondari, si mchungaji. Mzee Mukhisa ni mimi.

Naam. Yule Mzee Mukhisa wa tovuti ya Vifaa na Mzee, fundi mstaafu, mwenye hekima na mgongo mbovu. Ni mimi, Jelimo wa Kitale, niliyemaliza kidato cha nne juzi tu, na ambaye nikipigiwa simu huitazama mpaka inyamaze.

Sikupanga. Mwanzoni nilitia jina langu. Niliandika makala nzuri kuhusu simu inayochemka ikiwa kwenye chaja. Msomaji wa kwanza akaniambia niende nikamsaidie mama yangu kupika. Msomaji wa pili hakuwepo. Nikabadilisha jina, nikaweka picha ya kofia. Kofia tu, kwenye msumari. Makala ileile, neno kwa neno. Watu wakaandika: "Asante mzee wetu, Mungu akuweke."

Tangu hapo nafanya kazi kwa moyo wote. Nilipasua pawabenki ya sokoni nikakuta imejazwa mchanga ili iwe nzito. Nikaupiga picha mchanga. Nilitumbukiza simu yangu ya zamani kwenye uji makusudi, ili niandike kwa uhakika kama inapona. Haikupona. Nikaandika kwa uhakika. Kompyuta yangu haina betri, kwa hiyo stima ikipotea Mzee Mukhisa hukatika katikati ya sentensi. Wasomaji husema ni uzee.

Mama hushona sare za shule, na ndiye msomaji wake mkubwa kuliko wote. Hajui lolote. Jana alinisomea makala yangu mwenyewe kwa sauti, akasema nisikie jinsi watu waliosoma zamani wanavyopanga maneno, si sisi wa siku hizi.

Leo wasomaji wameomba kumjua mzee wao. Nimeandika wasifu. Amezaliwa Kabuchai, kwa Wabukusu. Ametahiriwa mwaka 1987 bila kupepesa jicho. Amejifunza ufundi kwa kufungua redio ya babake. Hiyo ya jicho nimeipenda sana. Wasifu mtamu!

Jumanne, 4 Machi

Balaa.

Bwana mmoja anaitwa Wakoli, wa Kabuchai, ameuliza mbele ya watu wote: themanini na saba? Mbukusu gani huyo? Wabukusu hutahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka mwingine visu hupumzika. Sasa mzee alitahiriwa na nani, tena peke yake?

Mimi ningejuaje? Mimi si Mbukusu; kwetu vijana huingia jandoni Desemba shule zikifungwa, mwaka wowote ule. Nilidhani kisu ni kisu.

Wakaja kama siafu. Mmoja: "Buda, ulihepa themanini na sita wakakushika themanini na saba?" Mwingine: "Si aseme tu alilia, bana." Wa tatu ameandika kwamba mzee asiye na mwaka wake hana ukweli, na pengine hata ule mchanga wa pawabenki aliutia mwenyewe.

Hilo limeniuma. Mchanga ulikuwa wa kweli! Wakiacha kumwamini mzee, kazi yangu yote imekwenda na maji. Nani atamsikiliza Jelimo? Jelimo mwenyewe humsikii akiongea.

Nikamuuliza Mama, kwa mbali sana, kama anajua Wabukusu huhesabu vipi miaka yao ya jando. Akaniuliza natafuta nini katika mambo ya wanaume. Nikasema ni historia. Akasema mtihani wa historia nilishaufanya, na matokeo tuliyaona.

Kisha nikapata wazo. Kwenye kibodi, sita na saba zinagusana! Nikaandika: "Wanangu, kidole cha mzee kiliteleza. Ni 1986." Wakacheka, wakanisamehe wote. Akili ninayo!

Jumatano, 5 Machi

Akili sina.

Wakoli naye ni wa 1986. Wa Kabuchai vilevile. Ameandika kwa herufi kubwa: MKOKI WANGU! Bakoki, nimesoma sasa nikiwa nimechelewa, ni wale waliotahiriwa mwaka mmoja. Wanataniana mpaka kaburini, wanaliana kuku, na mmoja akimwita mwenzake, mwenzake huenda.

Naye ameita. Jumamosi anafungua duka la simu na redio huko Kanduyi, pale unapoingia mji wa Bungoma, na Mzee Mukhisa ndiye atakayekata utepe. Ati mabango yameshachapishwa. Amenitumia moja. Lina kofia yangu!

Nikajibu kwamba mgongo unauma. Akasema atatuma gari. Nikasema gari hunitapisha. Akasema basi pikipiki, na dereva ataambiwa aende polepole kama amebeba mayai. Nikasema, kwa kweli, nimelazwa hospitali hapa Kitale. Hapo nikaenda kunywa chai, nimeshinda.

Baada ya chai akarudi. Bakoki wanne wanakuja Kitale kesho kumjulia hali mgonjwa. Wana kuku na sukari. Wanauliza wodi gani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemponya mzee mapema, kabla bakoki hawajavaa viatu. Nimeandika kwamba madaktari wenyewe wameshangaa. Wakoli amemshukuru Mungu kwa aya nzima. Kisha akamalizia: kwa kuwa umepona, Jumamosi huna la kusema.

Mpango wa kwanza: mzee azungumze na watu kwa simu kupitia spika, kutoka mbali. Nikapakua programu ya kunenepesha sauti. Jaribio la kwanza nilisikika kama ng'ombe aliyeingia ndani ya tangi. Jaribio la pili, ng'ombe huyohuyo, tangi lina maji. Mama akagonga mlango akauliza hicho kifua nimekipata wapi. Akaniletea tangawizi. Nimeinywa yote. Ningekataa ningeelezaje?

Mpango wa pili: niende mwenyewe, niseme mimi ni mjukuu wa mzee, nitoe salamu na udhuru, nikimbie. Nimejizoeza mbele ya kioo. Nilipofika "hamjambo wazee wangu" nikakipa kioo mgongo, nikakaa kitandani.

Lakini huu ndio mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Mama ruhusa niende Bungoma kumsalimu Aunti Sally. Nilitarajia maswali. Mama akafurahi. Akafurahi mno. Akatoa simu yake akanionyesha picha.

Kofia!

Akasema Mzee Mukhisa atakuwa Kanduyi kesho mbele ya macho ya watu, na twende pamoja, mimi na yeye. Ana swali la kumuuliza kuhusu cherehani yake ya stima inayoruka nyuzi. Atavaa gauni la Krismasi. Nami nivae viatu vya kufunga, nisimwaibishe mbele ya mtu mkubwa.

Siwezi kuwa mjukuu wa Mzee Mukhisa mbele ya mama yangu mzazi. Babu zangu anawajua wote wawili.

Nikamwandikia Wakoli: mzee amezidiwa tena, ghafla, hatakuja kabisa kabisa, afute kofia kwenye mabango. Ameusoma ujumbe, naona alama. Hajajibu. Kwa nini hajibu?

Kesho watu watakusanyika. Mzee hatatokea. Wataanza kumtafuta, na wakitafuta vizuri watanipata mimi. Mama atakuwa kiti cha mbele na gauni la Krismasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika polepole.

Mzee Mukhisa alikuja.

Tulifika Kanduyi hema limejaa. Mbele, kwenye kiti kikubwa kilichofunikwa kitambaa cheupe, ameketi mtu mnene mwenye kofia ileile, au pacha wake, anakula firigisi, kile kipande ambacho hapewi mtu yeyote tu. Bwana Wakoli nikamjua kwa suti na kwa jasho; alijipangusa uso mpaka leso ikachoka. Akashika kipaza sauti akasema: huyu ndiye mkoki wangu, Mzee Mukhisa wa tovuti! Watu wakasimama. Mama akapiga kigelegele sikioni mwangu. Nami nikasimama. Ningefanya nini? Nikampigia mzee makofi.

Halafu miguu ikawa nyepesi, nyepesi kabisa, kama nimetuliwa gunia la mahindi. Yupo! Ana tumbo! Ana meno! Nani sasa atamtafuta mtu mwingine?

Bakoki wakamzunguka. Mmoja akamshika kidole akakionyesha watu, akasema hiki ndicho kilichoteleza kutoka sita hadi saba. Mwaka ule mwili ulisimama imara lakini kidole kilikuwa kimeshakimbia mpaka Webuye. Hema likaanguka kwa kicheko. Mzee mwenyewe akacheka, akaomba ugali mwingine.

Kisha wakamwomba ushauri. Hapo nikaumia.

Simu ikiingia maji? Izike kwenye unga wa mahindi. Chaja ikichemka? Ipulize. Betri ya simu ikivimba? Ikandamize na jiwe, itarudi.

Jiwe!

Sijui ni nani aliyeniinua. Nilisimama, mimi Jelimo, katikati ya watu, nikasema betri iliyovimba ikikandamizwa hulipuka. Sauti ilitoka nyembamba kama mluzi wa birika. Shingo zote zikageuka. Mama akanivuta gauni: "Keti wewe! Unamfundisha Mzee Mukhisa kazi?" Mzee akanitazama kwa huruma kubwa, akasema watoto wa siku hizi husoma vitu vingi mno mitandaoni, si makosa yao. Watu wakacheka tena. Nikaketi.

Mama akamwomba radhi kwa niaba yangu, kisha akauliza la cherehani. Akaambiwa aipige kofi ubavuni, upande wa kushoto.

Nimeaibika mbele ya Bungoma nzima. Na bado, njia yote ya kurudi Kitale, nilitaka kuimba.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameipiga cherehani kofi. Sasa hairuki nyuzi, kwa sababu haizunguki. Anadhani labda kushoto ni kwa cherehani, si kwake, akaipiga na kule kwingine.

Nikakimbilia kompyuta. "Wanangu, niliyoyasema Kanduyi niliyasema nikiwa na homa." Nikasahihisha yote: unga, betri, jiwe, hasa jiwe, na jinsi ya kuirekebisha cherehani iliyopigwa. Wasomaji wamelia kwa unyenyekevu wa mzee. Mama alinisomea, akasema unaona, mtu mkubwa akikosea hukubali, si wewe kusimama tu na kubisha. Akafuata maelekezo. Cherehani imezunguka! Akasema Mungu ambariki mzee huyo. Nikaitikia amina.

Mchana ukaja ujumbe kutoka kwa Wakoli, wa faragha.

Anaomba nimsamehe. Nilipomwandikia nimezidiwa, mabango yalikuwa yamebandikwa kuanzia Bungoma mpaka Kabuchai, na wapishi wameshachinja. Angekuwa kichekesho. Akamchukua shemeji yake Mukhwana, mwenye bucha mji wa mbali, akamvika kofia. Mukhwana ni mtu mzuri lakini simu anaijua kwa kupokea tu. Nikimwanika, duka litakufa kabla halijauza hata chaja moja. Ananisihi kwa jina la mto tulimoogeshwa pamoja asubuhi ya kutahiriwa: nisimwambie mtu.

Nilicheka mpaka machozi. Mwanamume mzima, na suti, anamwogopa Mzee Mukhisa! Nilikuwa nikimkimbia, kumbe naye ananikimbia.

Nikamjibu kizee: "Nimekusamehe, mkoki. Mwambie Mukhwana asiguse betri ya mtu."

Imekwisha. Nimelala chali kwenye nyasi nikatazama mawingu bila sababu. Nimeapa: kuanzia kesho naandika kwa jina langu. Jelimo. Watake wasitake.

Jumatatu, 10 Machi

Jina langu lisubiri kidogo.

Wakoli amekataa kusamehewa bure. Ati mkoki aliyekosewa hupewa mbuzi, akimkataa ni kwamba bado ana kinyongo. Mbuzi yuko tayari, ni jike, ana mimba. Nimwambie tu amlete wapi hapa Kitale.

Jelimo hajawahi kupewa mbuzi na mtu. Nimeandika kama mzee kwamba amkabidhi msichana mmoja mpole sana, kwa mama anayeshona sare, naye atanifikishia.

Sasa Mama atauliza mbuzi ametoka wapi. Nimelifikiria hilo kwa makini. Nitasema nimempata kama zawadi kwenye shindano la tovuti. Si ya Mzee Mukhisa, hapana, inatosha! Ni tovuti nyingine kabisa, ya majiko ya gesi na blenda, ya mama mstaarabu anaitwa Mama Nasike. Na kwa kuwa Mama atataka kuiona, nimeijenga asubuhi. Picha ni leso kwenye kamba. Inapendeza kuliko kofia.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Hakuna mwaka wowote mahali popote. Nimempa tu ukoo, mmoja wenye jina tamu niliouona mtandaoni, na nimesema ameolewa Kabuchai.

Mtu ameshaandika! Mama mmoja wa Kabuchai. Ati ukoo huo ni wake, basi sisi ni dada, na mbona hatujaonana? Jumamosi wana harusi. Wanapika pilau ya watu mia nne. Niende nisimamie masufuria.

Nimemkubalia. Ni Jumamosi moja tu, nami ninajua kupika wali.

Wewe unayesoma haya, sikujui na wewe hunijui vizuri. Tafadhali usimwambie mtu. Mama nitamwambia mwenyewe, akishamzoea mbuzi.