Chama cha Siri cha Elnathan Pruitt

Jumatatu, 4 Novemba 1833
Nimeachwa tena! Chama cha siri cha akina Whitlock kimechagua watu wapya, mimi simo. Leo Whitlock, mwanafunzi mwenzangu, kapita mbele yangu akichezesha mnyororo wa saa makusudi, ili beji yake yenye herufi za Kigiriki iniwakie usoni. Nikamuuliza maana yake. Eti hayo si ya kuambiwa kila mtu. Kila mtu! Mimi, mtoto wa mchungaji! Sitaki kitu kingine chuoni hapa, hata shahada, ila kuingia kule.

Jumanne, 5 Novemba
Basi naanzisha changu. Lemuel, tunayekaa naye chumba kimoja, kakubali bila kubisha, maskini. Tumeapa juu ya Biblia. Tumebuni na salamu ya siri, ya kukunja kidole gumba. Mpole mno huyu, ananisikiliza tu.

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Chama ni siri mno, hakuna anayetuonea wivu! Nimemdokezea mpishi. Nimemdokezea kinyozi. Wapi! Leo nikaingia sala ya alfajiri na beji kifuani, ya bati, kubwa kama kisosi. Lemuel alinisihi niivue. Nikamwita mwoga.

Mkuu wa chuo, anayechukia vyama vya siri kuliko ulevi, aliiona toka mimbarini. Akaniita, akauliza ni kitu gani kile. Nikamwambia yote. Hata kidole gumba nikamwonyesha, na hakuwa ameniuliza.

Jumamosi, 9 Novemba
Kwa amri ya mkuu nimekikana chama changu mbele ya chuo kizima, Whitlock akikohoa kuficha kicheko. Kurudi chumbani, namkuta Lemuel anafunga beji kwenye mnyororo wa saa. Beji ya akina Whitlock! Yumo tangu mwaka jana, na kila siku tunakula uji wa mahindi meza moja! Kasema, kwa upole ule ule, kwamba jina langu lilikuwa limeshapita kwao, kwa siri. Alitumwa aone tu kama naweza kufunga mdomo mpaka Ijumaa. Ijumaa! Nilikasirika nikasusa chakula. Nikala baadaye.

Jumatatu, 11 Novemba
Kosa nimeliona: ni ile beji ya bati, haina heshima. Naanzisha chama kipya, beji ya shaba, na safari hii ni siri kabisa. Nimemwambia mpishi, kinyozi na mke wa mkuu wa chuo. Wote wameapa hawatasema.