Goti Langu na Kabati la Koh Swie

Jumapili, 7 Januari

Mvua tangu alfajiri. Leo ilikuwa zamu yangu kwenye kiti cha meno.

Chama chetu cha vigari vya mfano hukutana kwa Koh Swie, mzee wa Kichina, daktari wa meno mstaafu, katika chumba kilekile alichong'olea magego ya nusu ya mji wetu wa Salatiga. Zahanati aliifunga, kiti akakataa kukiuza. Mwenye kigari hulala pale kama mgonjwa, kigari kinawekwa kwenye sinia ya vyuma chini ya taa, na wenzake wanasema ukweli. Mgonjwa hajitetei. Akijitetea, anawanunulia wote tempe, vipande vya soya vya kukaanga.

Nikalala. Nikaweka lori langu la maziwa. Wakainama, wakatazama. Bu Ratmi, mama anayefundisha muziki, akasema nzuri. Pak Dirgo wa ofisi ya ndoa akasema nzuri. Koh Swie akasema nzuri, akazima taa, akauliza nani anataka chai.

Basi! Hata kiti hakijapata joto!

Kisha akalala Pak Dirgo na teksi yake, wakamchambua mpaka chai ikapoa. Bu Ratmi alianza: "Naomba radhi elfu, Pak Dirgo, samahani sana, mimi mwenyewe sijui kitu, na macho yangu ndiyo haya mabovu, lakini..." Kwetu radhi ikirefuka hivyo ujue panga linanolewa. Alimkata milango, vioo, hadi antena. Na Pak Dirgo anatabasamu kama mtu anayekunwa mgongo!

Mimi sikuombwa radhi hata moja. Kwa nini? Ama vigari vyangu havina kasoro, ama... Hapana, hakuna ama. Lakini udadisi unanila. Lazima nijue wanachosema nikiwa sipo.

Na lipo jambo la kabati. Kabati la kioo la Koh Swie, lililokuwa na meno ya plasta, sasa lina vigari bora vya chama. Wote wana kigari mle ndani isipokuwa mimi. Nafasi imebaki moja. Jumapili ya mwisho ya mwezi itajazwa, kisha Koh Swie anafagia nyumba kwa ajili ya mwaka mpya wa Wachina na kulifunga kabati kwa ufunguo mpaka mwakani.

Nafasi ile ni yangu. Nimeipima kwa macho.

Jumatatu, 8 Januari

Dukani hakuna mteja. Nani anunue godoro kwenye mvua hii? Nilijilaza kwenye godoro la maonyesho, nikafikiri.

Nilimuuliza mke wangu, Yayuk, kwa nini watu wananiambia nzuri tu. Akajibu bila kuinua kichwa kwenye mboga kwamba ni kwa sababu ya goti.

Goti! Eti mwaka juzi Pak Dirgo aliposema taa ya gari langu la zimamoto imepinda, sikuonekana chamani kuanzia Ramadhani mpaka mvua za masika yetu ziliporudi. Nilikuwa mgonjwa! Goti liliuma, nikalifunga bandeji, mtaa mzima uliona. Yayuk anadai bandeji ilikuwa ikihama mguu. Uzushi. Maumivu yalikuwa yanatembea.

Lakini nimepata njia. Shemeji yangu Bagyo, mdogo wake Yayuk, muuza mayai ya kware, mtu wa kuja hapa kila jioni kuuliza tumepika nini. Nitampeleka chamani kama mwanachama mpya. Atalala kitini na kigari nilichojenga mimi. Watamwambia ukweli mtu wasiyemjua, na mimi nitasimama pembeni nikiusikia. Wakishakisifu ndipo nifichue. Watajificha wapi?

Nimejikuta nacheka peke yangu. Mteja mmoja aliyechungulia akaondoka.

Jumatano, 10 Januari

Kigari chenyewe ni opleti ya marehemu baba mkwe, lile gari la abiria la zamani lenye ubavu wa mbao alilopelekea watu Ambarawa maisha yake yote. Nimelijenga kwa siri miezi mingi. Mbao ni vijiti vya aiskrimu. Limebaki rangi.

Nikapuliza rangi ya kijani. Unyevu ukaingia, kijani ikageuka maziwa. Nikapuliza tena. Maziwa tena. Ndipo nikapata wazo ambalo hata Koh Swie hajawahi kulipata: sufuria ya umeme ya wali! Kavu, ina joto la kiasi, ina kifuniko. Nikaweka opleti ndani, nikabonyeza pa kutunza moto, nikaenda kuoga.

Rangi imekauka vizuri ajabu. Paa limebonyea kidogo katikati. Ukiliangalia ukiwa umesimama mlangoni, huoni.

Wali wa jioni ulinuka rangi. Yayuk aliweka kijiko chini na kusukuma sahani. Bagyo alikula sahani mbili, akasema leo wali una ladha ya hoteli. Nikaona ndiyo nafasi, nikamweleza mpango. Akauliza swali moja tu: huko chamani wanakula nini? Nikamwambia tempe. Akakubali.

Jumapili, 14 Januari

Sijui nianzie wapi.

Bagyo akalala kitini, mikono tumboni, raha mustarehe. Koh Swie akawasha taa. Halafu Bu Ratmi: "Naomba radhi elfu, Mas Bagyo, wewe mgeni, mimi nani hata nikuseme, tafadhali usinielewe vibaya, ni macho tu haya..."

Moyo ukanilipuka! Radhi ndefu kuliko ya Pak Dirgo! Na ni ya kigari changu!

Akasema magurudumu yanatazama nje kama miguu ya bata. Pak Dirgo akaomba radhi zake, akasema milango ni mirefu, abiria wake wangekuwa twiga. Gundi imevuja kwenye vioo. Kijani ni ya msikitini, si ya opleti. Koh Swie akachukua kile kioo kidogo cha kutazamia meno, akamulika chini ya gari, akaguna. Kuguna kulekule kwa zamani, ambako baada yake jino hung'olewa. Akauliza paa limekuwaje.

Kujibu swali si kujitetea. Bagyo akajibu wazi: "Lilitiwa kwenye sufuria ya wali, Koh."

Wakacheka mpaka Bu Ratmi akafuta machozi. Si kwa dharau! Koh Swie akakiri yeye aliwahi kuyeyusha gari la polisi kwenye mashine ya kuchemshia vyuma vya meno. Pak Dirgo aliwahi kutumia kikaushia nywele cha mama mkwe wake. Wakawa ndugu saa ileile. Bagyo akauliza miguu ya bata inanyooshwaje. Wote watatu wakamjibu kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nikasikia sauti inapaza kwamba magurudumu hayana kosa lolote, barabara ya Ambarawa ilikuwa na mashimo, gari lolote lingepanua miguu! Ilikuwa sauti yangu.

Koh Swie akasema tangu chama kianze hajawahi kutozwa mtu kwa kutetea kigari cha mwenzake, lakini sheria ni sheria. Nikanunua tempe. Bu Ratmi akanishika mkono: "Kweli Pak Kuncoro, unampenda shemeji yako."

Bagyo alikula tempe zangu nyingi kuliko wote.

Nimewaza jioni nzima nini kimewafanya waseme maneno yale. Ni wivu. Wanamwonea wivu Bagyo, mtu wasiyemjua, kwa kigari asichokijenga. Wivu ni kitu cha ajabu sana.

Jumanne, 16 Januari

Bagyo kaja na msasa. Anataka kunyoosha magurudumu. Nikamwambia asithubutu, kigari kile si karatasi ya kujifunzia mwandiko.

Akajikuna, akasema basi, ila Koh Swie amemwalika Alhamisi na opleti, watengeneze paa jipya kwa plasta ya kuchukulia vipimo vya meno. Asipokwenda atasemaje?

Nikisema haendi, wataniuliza opleti ya Bagyo inafanya nini nyumbani kwangu. Nikisema aende, wataigusa!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeifunga opleti kwa taulo, nikampa. Aliiweka kwenye kapu la mayai ya kware, juu ya pumba. Sikuweza kutazama.

Alhamisi, 18 Januari

Nilipita kwa Koh Swie kwa bahati tu. Nilikuwa na mwavuli na mto wa bure wa kumpa kama zawadi ya mteja mzuri. Hajawahi kununua godoro kwangu, lakini biashara ni matumaini.

Nikachungulia dirishani. Vichwa viwili chini ya taa, vinanong'ona kama wachumba! Paa jipya limeshakaa. Magurudumu yamenyooka. Milango imekatwa. Na Bagyo, kwa sindano ya Koh Swie ya kusafishia meno, anakwaruza rangi yangu ya kijani ili kutu ionekane!

Wakaniona, wakaniita ndani. Koh Swie akanimiminia chai, akaniuliza nasemaje, niseme ukweli. Mimi! Nikawaambia ukweli: gari ni chafu. Hakuna mtu anayepanda gari chafu hivyo. Na mlango wa nyuma umefungwa kwa uzi, aibu gani hii?

Bagyo akasema mlango wa baba haukufunga hata siku moja, aliufunga kwa kamba ya ndoo, na abiria wa mwisho ndiye aliyeushikilia. Nilijua. Nilipanda opleti ile nilipokuwa nikimchumbia Yayuk, na niliyeushikilia mlango ni mimi. Lakini nilipolijenga nikaona mlango unaofunga ni bora zaidi.

Sikumaliza chai. Mto nimerudi nao.

Jumatano, 24 Januari

Bagyo kaileta opleti tuione. Akaiweka mezani kati ya sahani.

Yayuk akatoka jikoni, akasimama. Akaugusa uzi wa mlango kwa ncha ya kidole. Akasema, "Mlango wa baba," kisha akakaa chini akalia, na mboga ikaungua. Sijawahi kumliza Yayuk kwa kigari, labda kwa sufuria yake ya wali. Siwezi kusema uongo katika shajara yangu mwenyewe. Opleti ilikuwa nzuri. Nzuri kweli, si ile nzuri ya chamani.

Yayuk akauliza nani kaijenga. Nikavuta pumzi. Bagyo akaniwahi: "Ni Mas Kuncoro, dada. Mimi nimeichafua tu."

Nimemdharau mtu huyu miaka yote kwa sababu ya wali!

Halafu akanivuta kando. Anataka Jumapili aseme kweli mbele ya chama. Ikishinda, kikadi cha kabatini kiandikwe majina yetu sote wawili, langu likitangulia. Nikamkumbatia. Nikamwongeza nyama.

Jumamosi, 27 Januari

Sikulala. Nimeona shimo lililomo.

Bagyo akisema opleti ni yangu, basi miguu ya bata ni yangu. Milango ya twiga ni yangu. Sufuria ya wali ni yangu! Watacheka tena, safari hii wakinitazama mimi.

Nikapiga hesabu kutwa nzima juu ya godoro la maonyesho. Jina kabatini pamoja na sufuria, au bila jina na bila sufuria. Yayuk anasema jibu analijua hata kware. Lipi, hakusema.

Jioni nimemwambia Bagyo anyamaze. Nimejitoa mhanga kwa ajili yake, ni kijana, atahitaji kutiwa moyo. Bagyo ana miaka arobaini na sita.

Jumapili, 28 Januari

Opleti imeshinda. Mikono yote juu, wangu wa mwisho lakini juu.

Koh Swie akatoa kikadi na kalamu, akauliza aandike jina gani. Akaniangalia mimi. Naapa aliniangalia mimi! Bu Ratmi akaniangalia. Pak Dirgo akaniangalia. Chumba kizima kinangoja, na Bagyo ananikonyeza mpaka jicho limechoka.

Nikatazama dari. Koh Swie ana dari safi sana.

Kikaandikwa Bagyo.

Koh Swie akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akasema muda bado upo, na kwa kuwa Pak Kuncoro ametuonyesha mwezi huu jinsi anavyopenda ukweli wa wenzake, alale kitini na lori lake la maziwa, tulitazame tena. Nikalala. Taa ikawaka usoni.

Naye Koh Swie akaanza: "Naomba radhi elfu, Pak Kuncoro, samahani sana, mimi mzee tu, mikono yangu inatetemeka, macho ndiyo hayo, tafadhali usiweke moyoni..."

Radhi! Yangu! Kwa jina langu! Ndefu kuliko ya Pak Dirgo, ndefu kuliko ya Bagyo! Nilitaka Yayuk aamshwe aje asikie!

"...lakini magurudumu yake yanafanana sana na yale ya Bagyo ya mwanzo. Njoo Alhamisi tuyanyooshe pamoja. Plasta imebaki."

Wote wakatabasamu. Hakuna aliyecheka. Bu Ratmi akanisogezea tempe, za bure.

Nikawashukuru kwa dhati. Nikasema ndicho nilichokuwa nikikitafuta siku zote. Nikachukua lori langu, nikaenda nyumbani kwa miguu chini ya mvua.

Alhamisi haitawezekana. Nilipofika tu kibarazani goti likaanza. Bandeji nimeipata chini ya kabati la nguo. Nimemuuliza Yayuk mara ya mwisho lilikuwa goti lipi, amekataa kusema, kwa hiyo nimeyafunga yote mawili.