Mpangaji wa Chumba cha Kaskazini

Jumapili, 3 Novemba

Baridi! Nimetoka Duluth, Minnesota, ambako ziwa huganda mpaka magari yanapita juu yake, nikavuka bahari kuja Uingereza kuganda ndani ya nyumba. Naandika na glavu mkononi. Chumba changu ni cha kaskazini. Dirisha halifungi, ukuta unatoa jasho, na taulo niliyoianika Jumatano bado mbichi. Upande wa pili wa ukuta ni chumba cha Crispin Thwaite, mpangaji mwenzangu, Mwingereza anayesomea mawe. Bomba la jiko la chini limepita ukutani mwake. Crispin hulala bila soksi. Nimemwona kwa macho yangu.

Chumba hicho nimekiomba kistaarabu. Bi Oldroyd, mama mwenye nyumba, alisema Crispin ndiye aliyetangulia kufika, na hapa kijijini Thornsike aliyetangulia haondolewi. Nikamwomba Crispin mwenyewe. Akasema ni wazo la kuvutia sana. Nina miezi miwili hapa. Nimeshajua kwamba wazo la kuvutia ni wazo lililokufa.

Sasa mpango. Bustanini iko mizinga ya nyuki. Kila jambo kubwa la nyumba hii Bi Oldroyd huenda kuwaambia nyuki: hubisha mzinga mara tatu kwa ufunguo wa mlango wa mbele, kisha husema. Septemba nilipofika alinipeleka kwao hata koti sijavua. Akabisha, akawaambia huyu ni Mmarekani wetu, mpangaji wa chumba cha kaskazini. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Neno likishafika kwa nyuki, Bi Oldroyd haliulizi tena. Basi kesho, akiwa anaosha vyombo dirishani, nitabisha niwaambie habari za Crispin, naye asikie. Crispin yuko milimani na nyundo yake mpaka Jumanne. Akirudi atakuta godoro langu limeshaingia kwake. Shida moja: nyuki hawapokei habari za kuhama. Wanapokea kuzaliwa, kuoa na kufa tu. Kuzaliwa, Crispin ameshazaliwa. Kuoa, nimemtazama vizuri, hapana. Ikabaki moja.

Si dhambi. Tutacheka wote baadaye.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Jambo la ajabu. Bi Oldroyd alipokwenda kanisani niliona nifanye mazoezi. Nikabisha mzinga wa kwanza kwa ufunguo wangu, nikasema kwa sauti ya msiba kwamba Crispin Thwaite amefariki. Mazoezi tu! Bustani nzima hapakuwa na mtu, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani. Mvumo wa nyuki ulipungua kidogo, kama watu wanaposogeza viti wapate kusikia.

Bi Oldroyd alirudi kutoka kanisani amevaa nyeusi. Asubuhi alitoka na koti la kijani, nakumbuka. Mkononi ana utepe mweusi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema nyuki mmoja alitua juu ya kitabu chake cha nyimbo, katikati ya sala, mwezi huu wa Novemba ambao nyuki hatoki. Akanishika shavu. "Maskini Crispin," akasema. "Bado mbichi kabisa. Panda kachukue chumba chake, mwanangu, usije ukatufia na wewe."

Nani alimwambia? Sijui. Sikumuuliza zaidi. Nimehamisha godoro.

Jumatatu, 4 Novemba

Joto! Nimelala bila soksi.

Bi Oldroyd amefunga utepe mweusi kwenye kila mzinga. Ameoka keki ya maziko, ya matunda na zabibu tele, akawapelekea nyuki kipande jana usiku pamoja na bilauri ya divai tamu. Asubuhi bilauri ilikuwa tupu. Majirani wanaleta pai za nyama. Crispin alipokuwa hai kijiji kizima kilimwita yule kijana wa mawe. Sasa ameshakuwa mpole, mchapakazi, mwimbaji. Mwimbaji! Nimekula pai zake tatu kwa niaba yake.

Jumanne, 5 Novemba

Leo ndiyo sikukuu ya moto, kila kijiji kinachoma sanamu ya matambara. Tulikwenda uwanjani giza lilipoingia. Sanamu ya Thornsike ilivaa koti la Crispin. Bi Oldroyd ndiye aliyelitoa, kwa kuwa mwenyewe halihitaji tena. Vitambaa vilishika moto, watu wakapiga makofi, na nilipogeuka Crispin alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake wa mawe.

Akasema lile koti linafanana na lake. Nikamwambia makoti hufanana. Akalitazama linavyoungua, mkono wa kulia kwanza. Hakusema kitu, maana watu walikuwa wanafurahi na hakutaka kuwakatisha.

Nyumbani Bi Oldroyd alimimina chai ya watu wawili. Crispin alisimama kando ya meza akasema samahani. Akarudia. Bi Oldroyd akainuka, akasema upepo unaingia, akafunga mlango na kuuzibia tambara chini. Nikangoja acheke. Hakucheka. Nywele za shingoni zilinisimama, nakiri, lakini ile pai ya mwisho ilikuwa bado ya moto.

Nilimkuta Crispin kwenye banda la bustani, ameketi juu ya gunia. Nikamshauri akamwambie mama wa watu kwamba yu hai. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

"Amevaa nyeusi, Garrett," akasema. "Ameoka keki. Nikimwambia sasa, nitamwaibisha."

Kwa hiyo atalala bandani mpaka ipatikane nafasi nzuri. Waingereza!

Alhamisi, 7 Novemba

Sijalala vizuri. Ukuta unavuma. Nilidhani ni bomba la jiko, nikashuka kulitazama. Jiko limezimika, bomba baridi, lakini ukuta unavuma na una joto. Nikiweka sikio nasikia kama watu wengi wanaosema kwa chini jina moja.

Crispin naye ana mambo. Anasema mlango wa maktaba ya chuo, ule unaojifungua mtu akikaribia, haumfungukii. Alisimama nje mpaka akaja mwanafunzi mwingine, akaingia mgongoni mwake. Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema mvua haikuwa kubwa sana.

Chuoni mkufunzi wangu, Dokta Pomfret, amesoma insha yangu. Amesema ina ujasiri. Amesema pia kwamba idara ya mawe imempa Crispin daraja la kwanza kwa insha aliyoiacha. Mtu afe siku nne tu na tayari ananipita!

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeogopa leo. Naandika hivyohivyo, nimeogopa.

Nilimpelekea Crispin tosti na maharage bandani. Hakula, anasema hasikii njaa, hasikii hata baridi. Alikuwa ameegemea ukuta, na nyuma yake imetundikwa reki. Nikaona meno ya reki. Nikasogea pembeni nikidhani ni mwanga. Meno bado nayaona, yamepita katikati ya sweta yake.

Mikono yake aliiweka magotini kwa adabu. Akasema anajua ninalo la kufanya na masomo yamenibana. "Lakini ni wewe tu unayeniona sasa," akasema. "Kama haitakusumbua, Garrett, nenda ukawaambie nyuki. Sidhani nitafika Jumatatu."

Sikumuuliza amejuaje kwamba ni mimi. Moyo uliniuma. Niliuacha uendelee kuniuma mpaka kwenye mizinga. Nikabisha, nikawaambia nyuki nimekosea, Crispin yu hai, tena mzima, tusahau yote.

Wakanyamaza. Mvumo wote ulikatika, na ndege nao, na maji ya mfereji nikaona kama yamesimama. Kisha wakaanza tena, kwa nguvu, nikakimbia.

Jikoni Bi Oldroyd alikuwa anamenya viazi, amenipa mgongo. Sikuwa nimefungua mdomo. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu," akasema. "Nyuki wamekula keki na divai wamekunywa. Wameahidiwa mtu. Sasa wanamngoja."

Nikauliza, kwa mzaha tu, kama wanaweza kupokea mtu mwingine badala yake. Akasema wao hawachagui, mradi awe wa nyumba hii. Akaniomba nimsogezee chumvi.

Jumapili, 10 Novemba

Akili! Akili ya Kimarekani! Sikulala, nikalipata.

Nyuki wanataka mtu wa nyumba hii. Vizuri. Nitawapa mtu ambaye hayupo. Chumba cha kaskazini ni kitupu tangu nilipohama. Hakina kitanda, hakina mtu, kina taulo moja mbichi. Basi nikiwaambia kwamba aliyekufa si Crispin, ni mpangaji wa chumba cha kaskazini, watampokea nani? Hewa! Crispin anarudi, nyuki wanashiba, mimi nabaki na chumba cha joto kwa sababu ya wema niliomtendea.

Nimekwenda mchana baada ya kanisa. Nimebisha. Nimesema pole pole, wasije wakakosa neno. Safari hii hawakunyamaza. Walivuma kwa raha, kama watoto waliopata maziwa. Utepe wa mzinga wa kwanza ukafunguka wenyewe ukaanguka majanini.

Hapohapo mlango wa jikoni ukafunguka na Bi Oldroyd akaita kuelekea bandani. "Crispin, mwanangu, unafanya nini huko na ubichi wote huu? Ingia ule."

Crispin akatoka. Mzima, mwekundu mashavu, nyuzi za gunia zimemng'ang'ania surualini. Nusura nilie. Nimeokoa mtu! Nilimpungia mkono, naye akasimama, akanitazama muda mrefu, akageuza macho kama mtu aliyemfumania mwenzake bafuni.

Bi Oldroyd alimimina chai ya watu wawili. Nikadhani yeye hanywi leo.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikupata uji. Hakuna bakuli langu mezani. Vitu vyangu vimepangwa kwenye maboksi sebuleni, ya kupeleka duka la hisani la mitumba, na juu kabisa zimekaa glavu zangu. Crispin analala chumbani kwake, bila soksi.

Basi la chuo lilinipita nikiwa nimesimama kituoni mkono juu. Nilikwenda kwa miguu. Mlango wa maktaba haukufunguka. Nilipunga, nikaruka, nikaimba. Dokta Pomfret aliita jina langu, nikaitika kwa sauti yangu yote, akalikata kwa mstari.

Jioni nikampigia mama Duluth. Akasema halo, halo. Nikamwambia ni mimi. Nikamsikia akimwambia baba kwamba hakuna mtu, ila kuna mvumo kwenye simu, kama wa wadudu. Akakata.

Ndipo nilipokumbuka Septemba. Bi Oldroyd alinileta kwa nyuki mara moja tu, na alichowaambia ni hicho: mpangaji wa chumba cha kaskazini. Kwamba nimehama, hakuna aliyewaambia. Wala wasingepokea.

Nimekaa kwenye ngazi. Nimelia kidogo. Bi Oldroyd alipita akasema upepo unaingia.

Jumatano, 13 Novemba

Niko bandani, na godoro langu limetupwa huku. Crispin ameniletea blanketi, akaliweka juu ya gunia huku akitazama pembeni. Aliomba radhi kwa sauti ya chini. Anasema ananiona, kwa shida, lakini hawezi kusema nami mbele ya Bi Oldroyd kwa sababu mama wa watu ana majonzi. Nikamwambia akawaambie nyuki. Akasema ni wazo la kuvutia sana.

Keki yangu ya maziko imeokwa. Ndogo! Bila zabibu! Majirani wamekuja na pai moja kati yao wote. Nimesikiliza dirishani wanavyonisifu. Walikaa kimya kwanza. Kisha mmoja akasema nilikuwa na sauti kubwa, wengine wakakubali kwamba kweli, ilikuwa kubwa.

Uchungu nimeumaliza. Sasa nafikiri. Kosa liko wapi? Nimelitafuta usiku na mchana na nimeliona: maelezo hayakutosha. Mtu hupewa jina lake kamili, chumba chake, kijiji chake, asichanganywe na mwingine. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Ulifanya kazi mara mbili!

Basi nitawaambia habari za Bi Oldroyd. Jina kamili, chumba chake cha mbele, Thornsike. Yeye akiondoka hesabuni mimi narudi, na nyumba nzima inabaki bila mwenyewe. Crispin hatabisha, atasubiri nafasi nzuri mpaka apate mvi. Jiko litakuwa langu, bomba langu, na chumba cha mbele kina zulia.

Ufunguo ninao. Nimeufumba kiganjani na bado nauona wote, hadi meno yake. Haidhuru. Nyuki hawaangalii mkono.

Ngoja kwanza. Wamebisha wao. Mara tatu, kutoka ndani ya mzinga, taratibu, kama mtu mwenye ufunguo. Wana habari za kunipa, na bila shaka ni za chumba. Nakwenda kusikiliza. Godoro nalibeba kabisa.