Mkia wa Jogoo Wetu

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Monita wa kilimo, Pacifique, amepita nyumbani. Tarehe 20 kutakuwa na maonyesho ya kuku hapa Kasongo. Kila familia iliyopewa kuku wekundu wa kizungu iwalete. Zawadi: taa ya karabai. Tutashinda. Nimegawa kazi. Jogoo ni wangu, fundi cherehani mwenye jicho la uzuri. Mke wangu Subira na binti yetu Faida wabaki na majike. Subira hakubisha. Alikuwa anatia majivu kwenye viota, kufukuza utitiri.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimepeleleza kwa jirani, mwalimu Jean-Marie wa shule ya misheni. Jogoo wake mkubwa kama mbwa. Eti anakula mahindi tu. Wetu nimempa mahindi, bugali wa muhogo na karanga. Jioni hakuweza kusimama. Subira alisema polepole kuwa kuku hufugwa atembee. Amemnyima chakula hadi kesho. Alisema kweli, lakini sikumwambia.

Jumanne, 9 Agosti

Nimempaka jogoo mawese ili ang'ae. Aling'aa kweli, muda wa saa moja. Kisha akagaagaa mavumbini. Akatoka kama tofali. Faida alimwosha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kanzu yangu ya Ijumaa. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Jogoo alilala mikononi mwake. Mimi hunidonoa.

Jumapili, 14 Agosti

Mwalimu alikuwa misani. Nilimsogeza jogoo wetu karibu na ua wake, apimane urefu tu na jogoo wake. Ua ulikuwa na tundu. Wetu akapenya, wakapigana, amerudi bila mkia. Nilimwambia Subira ni upepo. Alinitazama kama anavyotazama suruali niliyoikata fupi.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimeshona mkia. Manyoya kumi na mawili, uzi mweusi, mkanda mwembamba wa kufunga kiunoni. Kazi safi kuliko koti la harusi. Subira aliomba jogoo abaki nyumbani. Nilikataa. Mwanaume haendi kwenye maonyesho mikono mitupu.

Jumamosi, 20 Agosti

Umati mkubwa, hadi watu wa Nyangwe. Bwana agronomu, Mzungu mrefu, mkubwa wa kilimo, alimwinua jogoo wangu. Mkia ulibaki mezani. Akauchukua, akaugeuza, akachunguza mshono. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilijificha nyuma ya Jean-Marie, ambaye ni mnene.

Ndipo Subira akafungua tenga lake. Jike moja, vifaranga kumi na mmoja. Mayai yalikuwa kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyekufa, na mwezi huu kila nyumba imezika vifaranga. Vicheko vikakoma. Monita akamuuliza dawa yake ni nini.

Subira alijibu bila kuinua sauti: "Ninazisikiliza. Kuku ikinyamaza, najua iko mugonjwa, ninaitenga. Ikilia sana, maji iliisha. Na Faida anafagia banda kila asubuhi, mbele ya kunywa chai."

Agronomu aliandika yote katika daftari. Taa ni yetu. Jean-Marie alimshika Subira mkono kwa heshima, akamwomba aje kuona kuku wake. Machozi yalinitoka. Nilisema ni vumbi.

Jumapili, 21 Agosti

Tangu asubuhi wanawake wanafika kumuuliza Subira. Mmoja ametembea kutoka Wamaza na jike kikapuni. Subira anawaonyesha kila mmoja, hachoki. Faida anawafundisha kushika kifaranga. Nilikaa kwenye cherehani, nikawatazama, sikushona kitu. Nimeoa mwanamke wa maana.

Mchana alinipa chai, akasema: "Baba Faida, safari ingine tuachie sisi." Nilikubali kwa moyo wote.

Jioni monita amepita tena. Mwaka ujao, maonyesho ya mbuzi. Beberu wetu ana ndevu fupi mno. Nimempima alipokuwa amelala: sentimita tisa. Kitambaa cheupe ninacho.